Harufu ya Samaki Mchana wa Ramadhani

Mwiko niliuona kabla sijaona sura hata moja ninayoifahamu. Ulikuwa mkononi mwa mama mmoja mnene aliyekuwa anapakua wali wa msiba, kule Mabibo, nyumbani kwa Mwalimu Skola, siku ya pili baada ya kumzika. Mwiko wa mpingo, mweusi tii, mpini mrefu, na pembeni una doa la kovu kama jino bovu. Lile kovu ni mie. Sikulichonga, maana mie hata penseli kuichonga ni shughuli, lakini bila ujinga wangu lisingekuwepo, na mwiko wenyewe usingekuwepo. Nikasimama pale na sahani yangu tupu, watu nyuma yangu wananisukuma, braza songa basi, na mie nimeganda kama nimeona mtu. Nina miaka arobaini na kitu, nina mafundi sita chini yangu, nina gari lenye jina langu ubavuni, na nilikuwa nakaribia kulia kwa sababu ya mwiko.

Habari za kuzaliwa kwangu na baba alikuwa nani mtanisamehe, haziongezi chumvi humu. Nianzie pale shule iliponishinda, kidato cha tatu, katikati. Watu husema niliacha shule. Ukweli ni kwamba tuliachana kwa makubaliano, na shule ndiyo iliyofurahi zaidi. Nikabeba mananasi sokoni Mabibo miaka kadhaa, mpaka siku moja Mwalimu Skola alikuja kununua akanikuta nimeunganisha taa ya kibanda kwenye betri ya pikipiki, waya nimezisokota kwa vidole na kufunga na mfuko wa nailoni. Akaangalia ile kazi yangu muda mrefu. Akauliza, "Hii umefundishwa na nani?" Nikasema kwa kiburi, nimejifundisha mwenyewe. Akasema, "Inaonekana." Wiki iliyofuata nilikuwa nambebea ngazi.

Alikuwa mwalimu wa fizikia aliyestaafu, mwanamke wa Bukoba, mrefu, mguu mmoja unamsumbua, na badala ya kufuga kuku kama wastaafu wengine akaamua kufunga sola. Sebule yake ndiyo ilikuwa karakana. Kochi la watu watatu linakaliwa na betri mbili, kwenye kabati la vyombo mna fyuzi na vikombe vimechanganyika, mpaka siku moja mgeni kutoka kanisani alikoroga chai akakuta nati chini. Mie aliniita Nusu. Jina langu ni Deo, lakini alisema mtu aliyesoma nusu, anayesikiliza nusu na anayefagia nusu chumba, Deo ni jina refu mno kwake. Sikununa. Mwaka ule wote nilikuwa na furaha ya mtu aliyepata mahali pa kwenda asubuhi.

Sasa kulikuwa na tabia moja ya Mwalimu ambayo mtaa mzima uliijua. Akifunga sola kwenye nyumba haondoki mpaka amekula chakula cha mchana pale pale. Tukimaliza kufunga anawasha kila kitu, friji, feni, redio, taa zote mchana kweupe, halafu anakaa mkekani na kusema, "Haya, mama, kuna nini leo?" Nimekula na Mwalimu ugali wa dagaa Tandika, makande Kimara, na pale Kimbiji pweza wa nazi ambaye mpaka leo nikimkumbuka nakaa vizuri kwenye kiti. Anakula polepole, anauliza habari za watoto na za mafua, na ikifika kama saa nzima ananawa, anavua pete isije ikagusa umeme, anaenda kwenye betri. Pale anapapasa kila nati na kila kiungo kwa mgongo wa mkono, kama mama anayepima homa ya mtoto. Halafu ananiambia, "Nusu, lete spana." Nakaza zote upya, moja moja, yeye anaangalia. Ndipo tunaaga.

Mafundi wengine walikuwa wanamcheka. Walisema bibi yule anafunga sola kwa ajili ya tumbo. Na mie, niseme ukweli, nilikuwa nacheka nao. Aliwahi kunieleza sababu, tena zaidi ya mara moja. Alisema kiungo kilicholegea hakionekani kwa macho wala fyuzi haikijui, maana fyuzi inakata umeme ukizidi, na kwenye nati iliyolegea umeme hauzidi, unapita kwa shida tu na ile shida inageuka moto. Alisema usipime ukiwa umewasha sasa hivi, kila kitu ni baridi. Kipe mzigo, kipe saa moja, halafu papasa. Alisema mgongo wa mkono unasikia joto kuliko kiganja, na ukipigwa na umeme mkono unajikunja wenyewe kuondoka. Yote hayo aliyasema. Mie katika maelezo yote nilishika neno moja, chakula. Kichwani mwangu sheria ilikaa hivi: fundi anakula, akishakula anakaza nati, anaondoka. Mpaka nikawa na mazoea yangu mwenyewe, wakati wa kufunga nazungusha nati kwa vidole tu zikae, najua nitazikaza kwa spana tukishakula.

Mnaona inakoelekea. Mie sikuona.

Ramadhani ya mwaka ule mguu wa Mwalimu ulivimba akashindwa kupanda ngazi. Kulikuwa na kazi Mbagala kwa ndani, ambako nguzo za umeme zilikuwa hazijafika, kwa Mzee Bakari. Mzee Bakari alikuwa mchongaji wa vinyago, mtu wa Newala, mpole, mikono kama mizizi. Kazi yake alikuwa anaifanyia kwenye chumba cha uani cha mabati, na ndani ya chumba kile kulikuwa na gogo moja la mpingo alilolianza tangu Ramadhani iliyopita: watu wamepandana juu ya watu, babu kabeba baba, baba kabeba mtoto, bibi katikati na mtungi. Hakuwa anachongea mteja. Alisema ni watu wa kwao wote anaowakumbuka, anataka amalize kabla macho hayajamwishia, na sola yenyewe aliitaka kwa sababu hiyo, apate mwanga wa kutosha. Mkewe, Mama Fatu, yeye alitaka friji dogo la juisi ya futari. Mwalimu akaniangalia, akaangalia mguu wake, akasema, "Nusu, utaweza?" Nikamjibu, "Mwalimu, mie hii nafunga nikiwa nimelala." Angenizaba kofi pale pale, yote yangeishia hapo.

Nilifika saa mbili asubuhi na kufunga vizuri, nasema bila aibu. Paneli mbili juu ya bati, waya zimenyooka, fyuzi mahali pake, inveta ukutani. Betri nikaiweka chini kwenye kona ya karakana, nikasogeza maranda kwa mguu. Maranda ya mchongaji ukiyasogeza yanarudi, yana miguu. Nati za betri nikazungusha kwa vidole. Nikawasha friji, nikawasha feni, Mama Fatu akapiga kigelegele kidogo cha mtu mwenye swaumu, cha kubana pumzi. Nikakaa mkekani kama kawaida. Nikangoja. Dakika zikapita. Mkwewe, Zaituni, akapita na ndoo. Mzee Bakari akaniangalia kwa huruma akasema, "Mwanangu, wewe hujafunga?" Nikasema mie Mkristo, mzee. Akasema, "Basi pole, hapa mpaka magharibi. Labda ukanunue chapati kule barabarani." Hapo ndipo akili yangu, ambayo siku nyingine hata kuwaka haiwaki, ikafanya hesabu ya haraka: chakula hakuna, basi kazi imeisha. Nikakusanya spana zangu. Zote, na ile namba kumi na tatu ambayo sikuitumia. Nikaaga, kwaheri mzee, haya mwanangu, saa tano nishafika barabarani nakula chapati mbili na maharage, najiona fundi mkuu.

Mabibo nilifika Mwalimu yuko mezani na sahani ya ndizi za nyama, mguu kauweka juu ya betri. Hakuuliza paneli wala waya. Aliuliza swali lake la siku zote, "Mlikula nini?"

"Hatukula, Mwalimu. Si Ramadhani? Nimemaliza mapema, saa tano nishatoka."

Akaweka kijiko chini. "Nati za betri umezikaza saa ngapi?"

Nakumbuka ndizi zinatoa moshi, redio ya jirani inasoma matangazo ya vifo, na mie natafuta kwenye kumbukumbu zangu ile picha ya spana mkononi na siipati. Mwalimu akasema taratibu, kwa sauti ile ya darasani ambayo nadhani iliwavusha wengi kidato cha nne, "Betri umeweka wapi?" Karakana. "Chini kuna nini?" Maranda. "Friji linawaka?" Linawaka. "Na mzee mchana analala wapi?" Hilo ndilo lililonimaliza, maana nilikuwa nimemwacha anatandika mkeka pale pale karakana, chini ya feni niliyomfungia mie mwenyewe, amefurahi, ananiombea dua.

Tukapiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Tukapiga tena, haipatikani. Baadaye tulijua simu ilikuwa kwenye chaji, kwenye sola yangu. Mwalimu akasimama na mguu wake uliovimba kama mhogo, akachukua fimbo, akachukua spana, akasema, "Ita bodaboda." Nikasema niende peke yangu. Akasema, "Peke yako umeshaenda." Tukapanda watatu, dereva mbele, Mwalimu katikati kakaa upande kwa sababu ya sketi, mie nyuma namshika asidondoke, kutoka Mabibo mpaka Mbagala kwa ndani. Mie nilisali sala zote ninazozijua, na kwa kuwa najua nusu nusu nikawa naziunganisha.

Kilichotokea nyuma yangu nilisimuliwa na Mama Fatu, na amenisimulia tena mara nyingi, kila mara mie nazidi kuwa mjinga kwenye hadithi na yeye anazidi kuwa hodari, na ana haki. Ilikuwa baada ya adhuhuri, nyumba imetulia, watu wamejilaza. Mama Fatu akasikia harufu ya samaki. Samaki wa kukaanga, anasema, tena anayeungua. Mchana wa Ramadhani, ndani ya nyumba yake. Akakaa kitako. Akaenda jikoni, jiko baridi. Akaenda chumbani kwa Zaituni, mkwe, amelala. Akamnusa mdomo. Zaituni akashtuka, "Mama, vipi?" Mama Fatu akasema, "Nani anakula samaki humu?" Zaituni akasema, "Wallahi mama, sijui." Wakatoka wote wawili kwenda kuchungulia kwa jirani kupitia kwenye uzio, ambako nako hamna kitu. Yeye mwenyewe anasema kilichokuwa kinamtembeza ni hasira, hofu hakuwa nayo kabisa. Alitaka amkamate mtu. Akafuata pua yake uani mpaka mlango wa karakana, akausukuma, akakuta moshi.

Ile harufu mafundi wote tunaijua sasa. Plastiki ya kishikio cha fyuzi na ganda la waya vikipata joto kali hunuka hivyo hivyo, samaki, na wapo watu wamelala usingizi wa moja kwa moja wakidhani jirani anapika. Nati yangu ya vidole ilikuwa imelegea, friji linavuta, kiungo kikachemka mpaka plastiki ikadondoka ikiwaka kwenye maranda. Fyuzi nzima kabisa, haijakata, kama Mwalimu alivyosema. Moto ulikuwa umeshapanda kwenye gogo la mpingo, na hatua mbili kutoka pale Mzee Bakari amelala chali, anakoroma. Mama Fatu akamshika miguu akamvuta nje na mkeka wake, kama gunia. Mzee akaamkia uani anauliza magharibi imeshaingia. Zaituni akaja na ndoo ya maji, Mama Fatu akapiga kelele, "Si maji, huo umeme," akachota mchanga wa kujengea kwa karai, akamwaga, karai baada ya karai, wakajaza kona nzima.

Tulipofika moto ulikuwa chini ya mchanga na uani kumejaa majirani wanaokohoa. Mwalimu hakusalimia. Akauliza, "Kuna mtu ameumia?" Hakuna. "Kuna mtu amegusa waya?" Hakuna. "Msiguse. Mmezima, lakini jua halijazimwa, zile paneli bado zinaleta umeme." Akaniagiza mablanketi. Nikapanda juu ya bati, nikafunika paneli na blanketi la Mzee Bakari na khanga mbili za Zaituni, ndipo Mwalimu akaingia na fimbo na spana akafungua waya mmoja mmoja. Nilipokuwa juu ya bati nilimwona Mzee Bakari kachuchumaa, anafukua mchanga kwa mikono. Alikuwa anawatafuta watu wake. Babu na baba walipona. Upande wa bibi, kuanzia mtungi kwenda chini, ulikuwa umeungua na kupasuka. Aliushika muda mrefu. Mie nilibaki kule juu zaidi ya ilivyohitajika.

Kushuka ilibidi nishuke. Nikapiga magoti mbele ya mzee nikasema ni mie, sikukaza, nilikuwa nangoja chakula. Ilivyotoka mdomoni ilisikika vibaya kuliko nilivyokuwa nimeipanga. Halafu Zaituni akaanza kucheka, akajiziba na khanga, Mama Fatu akasema, "Yaani mie nimemnusa mkwe wangu mdomo kwa sababu ya njaa yako?" na majirani wakaangua. Mzee Bakari peke yake hakucheka. Aliuliza, "Utarudi kufunga upya?" Nikamwangalia Mwalimu, nikijua jibu ni lake, na kwamba kama akisema hapana basi nimerudi kwenye mananasi. Mwalimu alikuwa anafuta masizi mikononi. Akasema, "Atarudi. Mie nitakaa tu."

Siku nne baadaye tulirudi. Betri ikahamia nje ya karakana, kwenye sanduku lenye matundu ya hewa, juu ya matofali, mbali na maranda. Nilikaza kwa spana tangu mwanzo. Saa tano nikawasha friji na feni na taa zote. Halafu Mwalimu akakaa mkekani, mie pembeni yake, Mzee Bakari upande wa pili, na katikati yetu hakukuwa na kitu. Hakuna sahani, hakuna maji. Nilidhani Mwalimu atatoa hata karanga kwenye mkoba, yeye si mfungaji. Hakutoa. Tulikaa saa nzima kama watu waliokwenda kuposa wakasahau mahari, na Mwalimu anamuuliza mzee habari za wajukuu na za mafua, polepole, kama siku zote, na tumbo langu linachangia mazungumzo. Hapo ndipo nilipoelewa. Mwaka mzima nimekaa mbele ya sahani, na yeye hakuwa anakula, alikuwa anangoja. Chakula kilikuwa heshima tu ya wenye nyumba.

Saa ilipoisha alivua pete. Halafu hakunyanyuka, aliniangalia. Nikaenda mie. Nikageuza mkono, nikapapasa nati ya kwanza kwa mgongo, ya pili, kishikio, inveta. Baridi zote. Mzee Bakari akaja nyuma yangu, akageuza na yeye mkono wake wa mizizi, akapapasa palepale nilipopapasa, bila kuniamini hata kidogo, na sikumlaumu.

Idd mosi walituletea pilau Mabibo. Juu ya bakuli kulikuwa na mwiko. Mzee alikuwa ameikata ile sehemu iliyoungua ya bibi na mtungi, akatafuta mti mzima uliobaki ndani yake, akachonga mwiko, na kovu moja akaliacha makusudi. Akamwambia Mwalimu, "Huu wa kupakulia. Ukiuona mfundishe huyu." Kinyago akakimalizia bila bibi. Alisema ataanza gogo lingine, bibi akae peke yake kwa nafasi. Sijui kama aliwahi, macho yalimwishia miaka michache baadaye.

Basi pale msibani nikajiondoa kwenye foleni ya wali. Sola ya msiba ilikuwa yangu, vijana wangu waliifunga asubuhi ile kwa ajili ya friji la maji, mafeni na kipaza sauti cha wanakwaya, na nilikuwa nimewasha mie mwenyewe muda si mrefu. Nikaenda kukaa kwenye kiti cha plastiki karibu na betri, sahani tupu magotini. Bibi mmoja mdogo, mkavu, kajifunga khanga mbili, akaja akakaa pembeni yangu bila kuniuliza. Nikamwamkia, shikamoo mama, kabla sijamtambua. Akasema, "Marahaba. Mbona huli, au kuna samaki anaungua?"

Nikacheka mpaka watu wakageuka, msibani. Nikasema, "Mama Fatu, nimewasha sasa hivi. Bado."

"Bado kiasi gani?"

"Nusu saa."

Akatulia, akaweka sahani yake na yeye chini, hajaigusa. Tukakaa. Aliniuliza habari za watoto na mie nikamuuliza za mafua. Kwaya ikaimba, mafeni yakazunguka, mama mnene akakwangua sufuria na mwiko ule mpaka nikaogopa watamaliza. Muda ulipofika nikavua pete, nikainama, nikageuza mkono. Ya kwanza, ya pili, kishikio, inveta. Nilipoinuka Mama Fatu alikuwa amesimama nyuma yangu na mkono wake umegeuzwa, anangoja zamu.